Jinsi ya kusoma Oedipus ukifuata macho yake

Kama unasoma Oedipus, hii tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, kwa matatu ukienda tao, toa penseli upige mstari kila mahali pametajwa macho, kuona ama giza. Alafu Tiresias, yule mtabiri, akiingia usiharakishe kabisa, mzee ni kipofu lakini ndiye anajua nani alimuua Laius, mfalme aliyetangulia, na Oedipus, mfalme mwenye macho mazima, anamtukana eti haoni kitu, mimi hapo huniuma kila nikirudia. Jocasta, mke wa Oedipus aliyekuwa mke wa Laius, akitaja njia panda Laius alipouawa, angalia vile Oedipus anashtuka, maana yeye pia aliwahi kuua mtu njia panda akiwa peke yake, na bado anashikilia neno moja tu, eti wauaji walikuwa wengi. Jiulize, anatafuta ukweli ama pa kujificha? Pale anajitoboa macho na pini za nguo za Jocasta, pita tu haraka, kazi iko huko nyuma.