Kupiga hema ufukweni bila kuliwa na mbu na usubi: somo hatua kwa hatua

Likizo ikikaribia, wengi huulizia dawa ya kupaka. Dawa inasaidia na nitaifikia, lakini pwani kinachoamua usiku wako ni mambo mawili: umepiga hema wapi, na upepo unatoka wapi. Ninavyoandika nina ufukwe wa Pangani akilini, mikoko mdomoni mwa mto na minazi nyuma ya mchanga, ila hatua hizi zinafaa Bagamoyo, Kilwa, Tiwi na hata Lamu.

Hatua ya 1: Mjue anayekuuma

Usubi ni mweusi, mdogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa, milimita 1 hadi 3. Humwoni akitua, unasikia tu kuchomwa vifundoni na nyuma ya masikio, alfajiri na magharibi. Huzaliana kwenye tope lenye maji, na la mikokoni analipenda sana. Hana nguvu ya kuruka, hata upepo wa wastani unamshinda.

Mbu wa malaria huuma usiku. Msijidanganye kwamba kwa kuwa maji ni ya chumvi, hayupo: pwani yetu ina Anopheles merus, ambaye huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na ndiye anayeeneza homa za dengi na chikungunya. Dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na chikungunya iliikumba Lamu mwaka 2004.

Yupo pia Aedes pembaensis wa mikokoni. Jike hutaga mayai juu ya kaa mwenyewe, na kaa akishuka shimoni mwake lenye maji, viluwiluwi huanguliwa humo. Ukiona tope limejaa mashimo ya kaa pembezoni mwa mikoko, hapo si pa kulala.

Hatua ya 2: Chagua mahali jua likiwa bado juu

Fika si zaidi ya saa tisa alasiri, maana mahali panapochaguliwa kwa tochi ni nadra kuwa pazuri. Kaa mbali na mikoko kadiri unavyoweza. Tafuta mwinuko wa mchanga ulio wazi, juu ya ule mstari wa mwani na vijiti ulioachwa na bamvua. Usijibanze katikati ya vichaka kwa ajili ya kivuli. Kivuli unakihitaji mchana, na mchana hulali.

Halafu geuka utazame nyuma yako. Mchana upepo hutoka baharini na kuwasukuma wadudu kuelekea bara. Usiku ukikolea mambo hugeuka: umande, yaani upepo wa bara, hutoka nchi kavu kwenda baharini, na chochote kilichoko nyuma ya hema lako, dimbwi, kichaka au zizi la mbuzi, kinakuletea wageni. Ndiyo maana utasikia watu wakisema jioni palikuwa shwari, alfajiri tukaliwa. Kama nyuma yako pana bwawa, sogea hata mita mia kadhaa.

Kusi la Juni hadi Septemba ni rafiki yenu, na kaskazi la Desemba hadi Machi nalo hupuliza vizuri. Wakati mgumu ni maleleji, upepo unapolala, hasa masika yakiwa yameshaanza. Mwenye nafasi ya kuchagua tarehe asiende wakati huo.

Hatua ya 3: Zunguka eneo lako

Hii watu huiruka, nami naomba msiiruke. Fukwe zetu zimejaa vifuu vya nazi na madafu yaliyonywewa yakatupwa. Okota kifuu kimoja kilichoshika maji ya mvua, kimulike kwa tochi. Utaona viluwiluwi wamening'inia vichwa chini, na ukikigusa kifuu wanazama kwa kujikunja. Mwaga maji mchangani, kipindue. Fanya hivyo kwa chupa, makopo na matairi. Ngalawa iliyopandishwa pwani nayo hushika maji, lakini hiyo ina mwenyewe, mwombeni kwanza.

Kumwaga maji hakuwaondoi mbu waliokwisha kuruka. Ila katika joto letu yai huwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo anayekaa wiki ataona tofauti, na wenyeji mnaowaacha hapo watafaidika zaidi yenu.

Hatua ya 4: Hema

Chandarua cha kawaida humzuia mbu, usubi anapita. Unaponunua hema, inua wavu wake kwenye mwanga: matundu yawe madogo kiasi cha kutoyaona vizuri ukiwa umenyoosha mkono. Elekeza madirisha upepo upite kati. Funga zipu kabla ya magharibi, taa iwekwe nje mbali na mlango, na ndani mtumie mwanga hafifu wa manjano au mwekundu. Feni ndogo ya betri inafaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ile ile ya usubi kushindwa na upepo.

Hatua ya 5: Nguo na dawa

Suruali ndefu na soksi kuanzia saa kumi na moja jioni. Kitenge au kikoi huzuia kiasi, ila kikibana ngozi mbu hutoboa.

Dawa yenye DEET asilimia 20 hadi 30, au pikaridini asilimia 20, inatosha. Ukipaka mafuta ya kukinga jua, yatangulie, yakauke, ndipo upake dawa. Ukioga baharini imeondoka, paka upya. DEET huharibu plastiki, basi iwe mbali na miwani na simu. Permetrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya nguo na hema, si ya ngozi, na nguo hizo zisifuliwe mtoni wala baharini kwani huua samaki.

Hatua ya 6: Moshi

Makumbi ya nazi yanayofuka, ukiongeza majani ya kivumbasi, hupunguza wadudu mradi moshi unakupitia. Ukizimika wanarudi. Koili iwake nje tu. Ndani ya hema ni hatari ya moto na ya mapafu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Tulilala Saadani, tukaumwa na nzi wakubwa juu ya nguo kabisa. Dawa haikufanya kitu.*

Marahaba. Hao ni mbung'o. Hufuata kitu kinachotembea, likiwemo gari, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Dawa za kupaka haziwasumbui sana. Vaa kaki au rangi ya mchanga, kitambaa kizito, na mfunge vioo vya gari mnapopita vichakani.

*Nina mtoto wa miezi mitano, naye nimpake?*

Mama, DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, wako amevuka. Hata hivyo kwake chandarua ndicho kinga ya kwanza. Ukimpaka, iwe kidogo, umpake kwa mkono wako, usiguse viganja vyake, macho wala mdomo. Dawa za mkaratusi-limau zisubiri atimize miaka mitatu.

*Hapa Mombasa tunaambiwa tule vitunguu saumu kwa wingi. Ni kweli?*

Kula kwa ladha. Mbu havimzuii, wala vidonge vya vitamini B.

*Naweza kutembea pekupeku kambini?*

Kwenye mchanga unaofikiwa na maji, tembea. Juu, penye mchanga mkavu wanapolala mbwa na mbuzi, vaa viatu kwa ajili ya funza, na kagua vidole na visigino kila jioni.

*Nimerudi Nairobi kutoka Kilifi, wiki imepita, nina homa na viungo vinauma. Nimeze ibuprofeni?*

Hapana, ndugu yangu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huweza kuongeza kutokwa damu kama ni dengi. Meza parasetamoli, kunywa maji mengi, na leo hii nenda ukapime malaria. Mwambie daktari umetoka pwani hata asipouliza. Kipimo cha malaria kikikosa kitu na homa ikaendelea, omba upimwe dengi. Ukianza kutapika mfululizo, kuumwa sana tumbo au kutokwa damu puani au kwenye fizi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka.