Taiming ya 5A-FE baada ya kubadilisha belti

Kama Toyota Corolla 110 yako inapitwa na malori kwenye mlima wa Limuru na belti ya taiming imebadilishwa majuzi, usikimbilie plagi wala pampu ya mafuta. Angalia kwanza kama belti imekaa kwenye jino lake. Maelezo haya ni ya 5A-FE, injini ya Toyota yenye distribyuta. Corolla NZE ina cheni badala ya belti, mambo yake ni mengine.

1. Toa waya wa betri, mikanda ya nje, kava ya valvu na plagi zote.

2. Tafuta TDC ya silinda ya kwanza, yaani pistoni yake ikiwa juu kabisa. Zungusha krenki kwa soketi ya 19, mwendo wa saa ukitazama upande wa belti, mpaka kitundu cha puli ya kamshafti kilingane na alama kwenye kifuniko cha beringi ya kwanza. Kitundu kikiwa chini, ongeza mzunguko mmoja wa krenki.

Sasa alama ya krenki, ambapo siku nzima inaweza kupotea. Wengi hutazama mkato wa puli kubwa ya nje na 0 iliyo kwenye kava. Mimi siuamini. Puli hiyo ni ringi mbili zilizoshikanishwa kwa mpira. Mpira ukichoka, ya nje huteleza na mkato wake unahama. Kuna 110 ilitukalisha Grogan, kwenye gereji za Nairobi, mpaka jioni: alama zote sawa, injini inawaka, lakini inatetemeka na haivuti. Tulipotoa puli ndipo tukaona. Alama ya kweli iko kwenye gia ndogo ya krenki, ikitazamana na ile ya bodi ya pampu ya oili. Toa puli, hata mwenye gari akilalamika kuhusu muda. Ujanja wa bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi hautoshi: pistoni ikifika juu hutulia kidogo huku krenki ikiendelea kuzunguka, kwa hiyo kosa la jino moja unaweza usilione. Na puli iliyoteleza ibadilishwe, maana hata taa ya taiming inasoma mkato uleule.

3. Alama zisipolingana, toa belti, zilinganishe, kisha ivishe upya kuanzia krenki, upande usio na tenshena ukiwa umekaza. Legeza bolti ya tenshena uache springi ivute yenyewe. Taimbo weka mbali. Zungusha krenki mara mbili kwa mkono, si kwa stata, kisha kagua alama zote upya. Ukipita alama usirudi nyuma, zunguka tena. Zikilingana, kaza bolti. Kwenye dizeli hatua hii usiicheze hata kidogo: valvu zitagonga pistoni.

4. Rudisha vitu.

5. Pasha injini moto, zima AC na taa. Unganisha TE1 na E1, vituo viwili vya soketi ya uchunguzi (diagnosis), kwa kipande cha waya, bana taa ya taiming kwenye waya wa plagi ya kwanza, legeza distribyuta na uizungushe polepole mpaka usome digrii 10 kabla ya TDC. Kaza, toa kile kipande cha waya. Taiming itapanda yenyewe; iache.

Fundi anayezungusha distribyuta kwa sikio mpaka injini itulie anaficha jino lililoruka tu. Cheche itakuja kwa wakati, valvu bado zitachelewa au kuwahi. Distribyuta ikifika mwisho wa nafasi yake kabla ya 10, zima injini urudi hatua ya 2.