Kuchunguza aina za kuvu na uzazi wake maabara: sampuli zinazopatikana Moshi na Arusha

Kuvu hupangwa katika makundi kwa namna zinavyozaa, si kwa rangi. Ukungu wa kijani kwenye chungwa unaweza kuwa Penicillium, na wa kijani kwenye punje za mahindi ukawa Aspergillus, na kwa macho matupu huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Kazi ya maabara hii basi ni kufikisha kiungo cha uzazi chini ya hadubini kikiwa kizima na katika umri wake. Vipindi vingi huharibika kwa sababu sampuli ilianzishwa mapema mno au ikachelewa, hata pale ambapo vifaa vyote vipo.

Sampuli tano zinatosha: mkate, hamira, chungwa lililooza, uyoga mamama na jani la kahawa lenye kutu. Nne za kwanza utazipata kwenye soko la Mbuyuni, Moshi, au la Kilombero, Arusha. Ya tano iko kwenye mashamba ya Kibosho, Machame, Marangu au mteremko wa Meru. Usichume chochote ndani ya hifadhi za taifa bila kibali.

Ukungu wa mkate

Mkate wa kiwandani mara nyingi umetiwa kihifadhi cha kalsiamu propionati, na unaweza kumaliza wiki bila kuota kitu. Tumia mkate wa tanuri dogo la mtaani usio na kihifadhi, au kipande cha ugali uliopoa. Nyunyizia kipande kimoja maji mililita 5 hivi, kiache wazi saa moja karibu na dirisha, kisha kifunike ndani ya chupa angavu. Maji yakizidi, bakteria hutangulia: mkate unateleza na kunuka, na hapo utupe uanze upya.

Kwenye joto la Moshi la nyuzi 25 hadi 28, pamba nyeupe huonekana siku ya pili na vichwa vyeusi vya Rhizopus siku ya tatu au ya nne. Mwezi wa Julai Arusha, hesabu wiki nzima, au weka chupa ndani ya boksi lenye balbu ndogo. Usipandishe joto hadi 37 ukidhani unaharakisha kazi. Joto hilo huzipendelea kuvu zinazoweza kuishi ndani ya mwili wa binadamu.

Siku nzuri ya kuchunguza ni ile ambayo baadhi ya vichwa bado ni vyeupe na vingine vimeanza kuwa vyeusi. Vikishakuwa vyeusi vyote, sporanjia, yaani vichwa hivyo vinavyobeba spora (chembe za uzazi), hupasuka kwa kuguswa tu, na unachobaki nacho ni kitovu cha kichwa kilichojikunja kama mwavuli uliopinduliwa na upepo.

Chukua sampuli ukingoni mwa ukungu, kamwe si katikati, kwa sababu katikati ni spora tupu zilizorundikana. Tumia sindano mbili: moja inashika, nyingine inakata. Weka nyuzi kwenye tone la spiriti ya asilimia 70 kwanza. Hatua hii hurukwa na wengi, halafu wanalalamika kwamba slaidi imejaa mapovu: nyuzi na spora hufukuza maji na kukamata hewa. Spiriti ikikaribia kukauka, ongeza tone moja la laktofenoli yenye rangi ya bluu (kimiminika chenye fenoli cha kuwekea sampuli kwenye slaidi), kisha shusha kifuniko cha slaidi kwa mshazari. Fenoli huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Kwa lenzi ya 10 tafuta mambo matatu: nyuzi zinazotambaa juu ya mkate, vijizizi vinavyoingia ndani, na mashina yanayosimama yakibeba sporanjia. Kwa lenzi ya 40, tazama kama nyuzi zina kuta za kuzigawa. Za Rhizopus karibu hazina, na hiyo ni alama ya kundi lake.

Zaigospora, yaani spora za kujamiiana, ni habari nyingine. Rhizopus stolonifer hujamiiana pale tu aina mbili zinazooana, chanya na hasi, zinapokutana, na mkate wa kawaida mara nyingi hubeba aina moja. Usimwahidi mwanafunzi kwamba ataziona hapo. Tumia slaidi iliyotengenezwa tayari, au panda aina zote mbili, umbali wa sentimita 4 hivi, kwenye sahani moja ya petri, ukitazama mstari zinapokutana.

Chungwa

Hapa njia bora ni selotepu. Bonyeza kipande angavu taratibu ukingoni mwa ukungu, ambako kijani kinaanza kuingia kwenye nyeupe, kisha kibandike juu ya tone la laktofenoli kwenye slaidi. Mpangilio wa spora hubaki ulivyokuwa. Penicillium huonyesha matawi yaliyojipanga kama brashi, yenye minyororo ya konidia (spora zisizo za kujamiiana). Aspergillus ina kichwa cha mviringo kilichovimba, na konidia zinatoka juu yake. Punje za mahindi zenye ukungu wa kijani-njano zichunguzwe ndani ya sahani iliyofungwa tu. Huenda ni Aspergillus flavus, inayotengeneza sumukuvu. Mwenye pumu asikae karibu na sahani yoyote iliyo wazi.

Hamira na mbege

Koroga gramu 1 ya hamira na gramu 5 za sukari katika mililita 100 za maji ya nyuzi 35. Subiri dakika 45, kisha chukua tone, ulipunguze kwa matone 9 ya maji. Bila kupunguza, seli hulaliana na machipukizi hayaonekani. Methilini bluu ya asilimia 0.01 husaidia: baada ya dakika chache seli zilizokufa huwa bluu, hai hubaki wazi. Chipukizi ni seli ndogo iliyoungana na mama yake. Seli mbili zilizogusana kwa bahati huachana ukigonga kifuniko kwa ncha ya penseli.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ikiwa inachachuka ni sampuli ya kuvutia zaidi, maana ina hamira na bakteria pamoja. Tatizo lake ni wanga wa ulezi, ambao chembe zake hufanana na seli. Tia tone la iodini: chembe za wanga hugeuka bluu-nyeusi, hamira hazigeuki hivyo.

Uyoga

Huu ndio uzazi wa kijinsia ulio rahisi kuuona. Kata kofia ya uyoga mamama mbichi, ilaze mashavu (vibamba vyembamba vya chini ya kofia) yakiangalia chini juu ya karatasi nyeusi, funika kwa bakuli, acha usiku kucha. Spora zake ni nyeupe hadi zambarau hafifu, kwa hiyo kwenye karatasi nyeupe huambulii kitu. Uyoga uliokaa sana kwenye friji au ulionyauka hautoi spora.

Kisha kata shavu kwa wembe mpya, ukiwa umelibana katikati ya karoti iliyopasuliwa. Kata vipande vingi, chagua kinachopitisha mwanga. Ukingoni utaona basidia, seli zinazobeba spora, zenye vikono vinne, kila kimoja na spora. Angalizo: uyoga mweupe wa vifungo wa supamaketi, Agaricus bisporus, mara nyingi hubeba spora mbili tu kwa basidia. Usimkatie mwanafunzi alama kwa kuchora mbili.

Kutu ya kahawa

Tafuta mibuni ya zamani kama N39 na KP423. Aina chotara zilizotolewa na TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania), Lyamungu, zinastahimili ugonjwa huu. Unga wa rangi ya machungwa uko chini ya jani. Ukwangue kwa wembe, uweke kwenye tone la maji. Spora za Hemileia vastatrix zina umbo la figo, mgongo wenye miiba na tumbo laini. Usihangaike kuipanda kwenye agari (rojo la kukuzia kuvu), haitaota: huishi kwenye jani hai tu. Beba majani kwenye mfuko uliofungwa, na usipite nayo shamba jingine.

Ukihitaji kupanda

Chemsha gramu 200 za viazi mviringo, chuja, ongeza gramu 20 za glukosi na 15 za agari, jaza hadi lita 1. Kloramfenikoli miligramu 100 huzuia bakteria, na haiharibiwi na joto la kutakasia. Kwa kawaida kutakasa ni dakika 15 kwenye nyuzi 121, lakini Arusha iko karibu mita 1400 juu ya bahari: jiko la mvuke likisoma shinikizo la pauni 15 kwa inchi ya mraba, joto halisi ndani hufika 118 au 119 hivi. Acha dakika 25. Mimina agari ikiwa kwenye nyuzi 50. Ikiwa na joto zaidi, mvuke hujaa kwenye kifuniko na matone yake husambaza spora.

Sahani zilizokwisha kutumika zipitishe tena jiko la mvuke dakika 30 kabla ya kutupa. Pasipo jiko, ziloweke usiku kucha katika sehemu 1 ya Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Chagua njia moja: Jik ikipashwa ndani ya jiko hutoa gesi ya klorini. Majani ya kahawa yachomwe moto.