Somo: Kuishika Tisha B'Av, Kuanzia Wiki Tatu za Mwanzo Hadi Adhuhuri ya Siku ya Pili

Shalom, ndugu zangu.

Tisha B'Av, yaani tarehe tisa ya mwezi wa Av, ndiyo siku nzito kuliko zote katika kalenda ya Kiyahudi. Hekalu la kwanza lilichomwa na Wababeli wa Nebukadneza mwaka 586 kabla ya enzi yetu, na la pili likachomwa na Warumi wa Tito mwaka 70. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inataja mengine matatu ya siku hiyohiyo: kizazi kilichotoka Misri kuhukumiwa kutoingia katika nchi baada ya habari mbaya za wapelelezi, mji wa Beitar kuanguka mwishoni mwa vita vya Bar Kokhba dhidi ya Warumi, na Yerusalemu kulimwa kama shamba. Karne nyingi baadaye, mwaka 1290, amri ya kuwafukuza Wayahudi wote Uingereza nayo ilitoka siku hiyo.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba jambo moja lieleweke vizuri. Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, tunafunga kwa ajili ya toba. Tisha B'Av tunafunga kwa sababu tumefiwa. Yeyote aliyewahi kukaa matanga anajua: mfiwa haketi kitini, hajipambi, hana hamu ya kula, na wageni wakiingia hawapigi soga. Ukiishika picha hiyo, sheria nyingi zilizo hapa chini utazielewa hata kabla hujaelezwa sababu zake. Ukiiacha, utabaki kuhesabu saa za njaa tu.

Hatua ya kwanza: wiki tatu

Safari inaanza tarehe 17 ya mwezi wa Tamuzi, siku ambayo ukuta wa Yerusalemu ulibomolewa kabla ya Hekalu la pili kuanguka. Hiyo ni funga nyepesi, kuanzia alfajiri hadi nyota zitoke. Tangu siku hiyo hatufungi ndoa na hatusikilizi muziki wa ala. Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawanyoi nywele kwa wiki zote tatu. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na nchi za Mashariki, wengi wao huacha kunyoa katika wiki ile tu ambamo Tisha B'Av inaangukia.

Tazameni mpangilio wake. Msiba wa kawaida huanza mzito ukapungua polepole: siku saba, halafu thelathini, halafu mwaka kwa aliyefiwa na mzazi. Hapa mpangilio umegeuzwa. Tunaanza na mambo madogo, tunaongeza, hadi tunafika sakafuni. Msiba wa jana hauhitaji kukumbushwa, lakini huu una karibu miaka elfu mbili, na moyo hauwezi kuruka tu kutoka sokoni ukaingia katika kilio. Ndiyo maana nawasihi msizidharau hizi wiki tatu mkasubiri siku yenyewe. Mtu asiyejiandaa hufika usiku ule akiwa mkavu, akaona aibu kwa nini halii.

Hatua ya pili: siku tisa

Mwezi wa Av ukiandama, furaha inapunguzwa. Hatuli nyama wala hatunywi divai, isipokuwa siku ya Sabato. Wasefaradi wengi huanza tarehe mbili. Samaki anaruhusiwa, na kwa jikoni zetu zenye dengu, kunde, maharage na mboga za majani, hili si zito hata kidogo. Tunaacha pia kununua nguo mpya, kufua (ila nguo za watoto wadogo), na kuoga kwa starehe. Kuoga ili kuondoa jasho na uchafu si starehe, na kwenye joto la pwani hakuna anayekutaka ukae unanuka.

Mwaka 2026, siku hizi tisa zinaanza jioni ya Jumanne 14 Julai. Funga yenyewe inaanza Jumatano 22 Julai jua linapotua, na kwisha usiku wa Alhamisi 23 Julai.

Hatua ya tatu: alasiri ya kuingia

Kula mlo wa kawaida mchana, unywe maji mengi kidogo kidogo tangu asubuhi. Kisha sala ya alasiri. Baada ya sala, jua likiwa bado lipo, ndipo unakuja mlo wa mwisho, nao ni mlo wa mfiwa: mkate, yai la kuchemsha, chumvi na maji. Usiwe na vyakula viwili vilivyopikwa. Keti chini, kila mtu peke yake, ili wanaume watatu wasikusanyike na kulazimika kualikana katika baraka ya baada ya chakula. Wengi huchovya kipande cha mkate katika jivu.

Talmud, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasimulia kwamba Rabi Yehuda bar Ilai alikuwa akiletewa mkate mkavu na chumvi, akaketi kati ya tanuri na jiko, akala, akanywa mtungi wa maji, akawa kama mtu ambaye maiti wake amelazwa mbele yake. Mimi nikifika hapo kila mwaka ndipo siku inaponiingia. Jipeni muda wa mlo huu. Msiule mmesimama huku mnatafuta funguo za gari.

Hatua ya nne: mambo matano, na la sita

Kuanzia jua kutua tunaacha kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Ndala, raba za kitambaa au za plastiki hazina tatizo. Asubuhi tunanawa vidole tu hadi vifundo. Aliyetoka chooni ananawa, aliyeshika uchafu anaosha pale palipochafuka, mama anayemsafisha mtoto au kuosha mboga za watoto analowa mikono bila wasiwasi.

La sita huwashangaza wengi: hatusomi Torati. Zaburi inasema maagizo ya Mungu huufurahisha moyo, na mfiwa hatafuti furaha siku ya mazishi. Tunaruhusiwa Maombolezo, Ayubu, sehemu za huzuni za Yeremia, sheria za maombolezo, na simulizi za maangamizi katika Talmud.

Katika hizo simulizi, someni ile ya Kamtza na Bar Kamtza. Mtu mmoja wa Yerusalemu alifanya karamu, akamtuma mtumishi amwalike rafiki yake Kamtza. Mtumishi akakosea, akamleta Bar Kamtza, adui wa yule mtu. Mwenye karamu alipomwona akamwamuru atoke. Bar Kamtza akamsihi asimwaibishe: nitalipia ninachokula. Hapana. Nitalipa nusu ya karamu. Hapana. Nitalipa karamu yote. Akamshika mkono akamtoa nje. Wenye elimu walikuwa wameketi pale, wakanyamaza. Kutokana na fedheha ile Bar Kamtza akaenda kuwachongea Wayahudi kwa Warumi, na moto ukaanzia hapo. Kinachoniuma mimi ni wale waliokuwa wameketi. Talmud mahali pengine inasema Hekalu la pili liliangamia kwa chuki isiyo na sababu, katika kizazi kilichosoma Torati na kutenda mema.

Hatua ya tano: usiku

Katika sinagogi taa zinapunguzwa na pazia la sanduku la Torati linaondolewa. Watu huketi sakafuni au kwenye vigoda. Kinasomwa kitabu cha Maombolezo, sura zake tano, kwa sauti ya kilio. Kwa kuwa aya ya mwisho ni kali, msomaji hurudia ile inayoitangulia, inayoomba turudishwe na siku zetu zifanywe mpya. Kisha zinafuata tenzi za maombolezo ziitwazo kinot, na watu hutawanyika kimya kimya. Wapo wanaolala bila mto, au wakipunguza mmoja.

Hatua ya sita: asubuhi hadi adhuhuri

Asubuhi Waashkenazi hawavai talit kubwa (shali ya sala) wala tefilin (vijisanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani), huvaa alasiri. Kinasomwa Kumbukumbu la Torati 4:25–40, kisha Yeremia 8:13 hadi 9:23 kwa hesabu ya aya za Kiebrania. Baadaye kinot tena, kwa muda mrefu. Humo mna kilio cha jumuiya za Mto Rhine zilizochinjwa mwaka 1096, na cha Talmud zilizochomwa Paris mwaka 1242. Utenzi mmoja wa 1096 unaeleza kwamba msiba ule haukuwekewa siku yake. Ulilazwa hapa, pamoja na Hekalu. Kazi inayoteka akili huahirishwa hadi adhuhuri.

Adhuhuri hiyo ni ya jua, si ya saa ya ukutani. Mwezi Julai jua hufika katikati ya mbingu kama saa sita na nusu kwa Dar es Salaam, dakika kama kumi baadaye kwa Nairobi, na karibu saa saba kwa Kampala.

Hatua ya saba: alasiri na kufungua

Baada ya adhuhuri tunainuka sakafuni na kuketi vitini. Jambo hili ni la ajabu, kwa maana Hekalu lilitiwa moto alasiri ileile. Ilikuwaje tuinuke wakati moto unaanza? Walimu wanajibu kwamba moto ulipogusa miti na mawe ndipo ilipojulikana kuwa hasira imemwagwa juu ya jengo, na watu watabaki. Funga inaendelea, lakini faraja imeshaingia. Katika sala ya alasiri tunaongeza Nachem, ombi la Mungu kuifariji Sayuni.

Nyota zikitoka, kama nusu saa hivi baada ya jua kutua kwetu huku, tunafungua. Nyama na divai zinasubiri hadi adhuhuri ya tarehe kumi, kwa sababu Hekalu liliendelea kuungua siku nzima iliyofuata. Anza kwa maji na kitu laini.

MASWALI YA WENZETU

*Shalom mwalimu. Nina mimba ya miezi saba na joto la huku kwetu unalijua. Nifunge?*

Dada yangu, kwa sheria ya asili mjamzito na anayenyonyesha hufunga Tisha B'Av, tofauti na zile funga nyepesi. Lakini funga hii ni ya marabi, na kwa mgonjwa hawakuiweka. Ukisikia kizunguzungu, udhaifu usio wa kawaida, maumivu, au mtoto amepunguza kucheza, kunywa na kula pale pale bila kusubiri ruhusa ya mtu. Zungumza na daktari na rabi wako kabla ya siku. Aliyejifungua ndani ya siku thelathini hafungi.

*Baba yangu ana kisukari na anasema ataona aibu kula siku hiyo.*

Mwambie baba, kwa heshima, kwamba kula kwake ndiyo sheria kwake. Kwa maoni ya wengi hahitaji hata kupima vijisehemu vidogo kama Yom Kippur. Anakula kinachomtosha kwa afya, bila anasa. Aketi chini na wenzake, asikilize Maombolezo. Ameishika siku.

*Mwalimu, nasikia siku hiyo hatusalimiani. Mimi nimelelewa Tanga, siwezi kumpita mzee bila shikamoo. Nifanyeje?*

Swali zuri sana. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaacha salamu, na ni vizuri kuwaeleza wazee wa nyumbani siku moja kabla, wasije wakadhani mtoto amekosa adabu. Asiyejua sheria akikusalimu, sheria inakuelekeza umjibu, kwa sauti ya chini. Basi jirani akikuamkia, itikia. Hukuamriwa kumvunjia mtu heshima siku ambayo tunalia kwa sababu ya mtu aliyefedheheshwa mbele ya watu. Kama mzee wa jirani anakutazama usoni akingoja shikamoo yako, mimi nakushauri umpe, taratibu, upite.

*Mwajiri wangu si Myahudi na sina likizo. Nikienda kazini nimevunja siku?*

Hujavunja. Mishna yenyewe inasema jambo la kazi hufuata desturi ya mahali. Ukiweza, omba uingie baada ya adhuhuri. Ukishindwa, nenda, acha redio, acha mizaha ya ofisini, na usome kinot usiku na alfajiri kabla ya kutoka.

*Naomba nisionekane mbishi. Leo kuna taifa la Israeli, na Yerusalemu imejengwa. Kwa nini bado tunalia?*

Wewe si mbishi; swali lako liko katika Biblia. Katika Zakaria sura ya saba, Hekalu la pili likiwa linajengwa, watu walikuja kuuliza kama waendelee kulia katika mwezi wa tano, ndio huu wa Av. Nabii hakuwajibu ndiyo wala hapana. Aliwauliza walikuwa wakimfungia nani, kisha akawaambia wahukumu kwa haki na wasimwonee mjane, yatima, mgeni na maskini. Sura inayofuata ndiyo inayoahidi kwamba funga hizi zitageuka sikukuu.

Baada ya Israeli kuutwaa mji wa kale wa Yerusalemu mwaka 1967, wapo marabi waliobadili maneno ya Nachem, kwa kuwa yanaielezea Yerusalemu kama mji mtupu. Rabi Shlomo Goren alitunga maneno mapya. Rabi Haim David HaLevi wa Tel Aviv aliyapeleka katika wakati uliopita. Wengine, Rabi Ovadia Yosef miongoni mwao, walikataa kubadili neno. Mimi nasali maneno ya zamani. Nyumba zimejengwa, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini Hekalu halipo, na chuki ile iliyolichoma bado naiona.

*Tarehe tisa ikiangukia Sabato?*

Funga inasogezwa hadi Jumapili, kama ilivyokuwa 2022. Ikiangukia Jumapili yenyewe, kama 2025, utaratibu ni karibu uleule. Sabato unakula kama Sabato nyingine yoyote, nyama na divai, bila yai wala jivu, ila umalize kabla jua halijatua. Nyota zikitoka unasema maneno mafupi ya kutenganisha siku takatifu na ya kawaida, unavua viatu vya ngozi, na unabariki mwanga wa mshumaa kabla ya Maombolezo. Havdala ya kikombe, ile baraka ya kuagana na Sabato juu ya kinywaji, inasubiri Jumapili usiku, bila mshumaa wala manukato, na inatangulia chakula.