Kabla ya kuhamia porini, piga hesabu ya maji

Ukitaka kuuacha mji wa Tanga ukaishi porini kule Handeni au Kilindi, usianze na nyumba. Anza na maji. Nenda ukalione eneo mwezi wa Septemba, siyo Mei. Masika kila bonde lina kijito na kila mtu atakwambia hapa maji hayana shida. Rudi kiangazi, uwafuate kina mama wenye madumu uone wanatembea hadi wapi.

Halafu piga hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye bati la mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 2,000, ingawa nyingine zitamwagika. Watu wawili wanaobana wakitumia madumu mawili kwa siku ni lita 40. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 122, yaani karibu lita 4,900. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 ndilo la kuanzia, na hapo sijahesabu kuku wala bustani. Tafadhali usinunue dogo kwa kuona bei.

Mvua ya kwanza iache ioshe bati, usiikinge. Mdomo wa tangi ufunge na kipande cha chandarua, mbu wasizaliane humo, na ya kunywa chemsha.

Ardhi yenyewe pitia serikali ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ujue. Majirani hao ndio watakaokubeba ukiumwa na nyoka usiku.