Kifundo cha Mguu: Kimeteguka au Kimevunjika?

Mgonjwa amefika akirukaruka kwa mguu mmoja, na macho ya wote yako kwenye uvimbe. Wewe usiuamini uvimbe huo. Kano iliyochanika huweza kuvimba kuliko mfupa uliovunjika.

1. Uliza kabla ya kugusa. Mguu ulipindia ndani au nje? Aliinuka akatembea, au alibebwa? Mara nyingi mguu hupindia ndani, na kano za upande wa nje ndizo zinazoumia. Aliyeanguka kutoka juu akatua kwa visigino, mkague pia mfupa wa kisigino na uti wa mgongo, hata kama analalamikia kifundo tu.

2. Tazama miguu yote miwili. Viatu na soksi vivuliwe, suruali ipandishwe hadi juu ya magoti. Mguu usioumia ndio kipimo chako. Ukiona kifundo kimekaa upande, au ngozi imevutika hadi ikapauka, hiyo ni dharura: usimsimamishe mgonjwa. Kidonda karibu na mahali panaposhukiwa kuvunjika kihesabu kuwa kimefika kwenye mfupa mpaka ithibitike vinginevyo.

3. Pima damu na neva. Tafuta mapigo upande wa juu wa wayo, kisha nyuma ya nundu ya ndani ya kifundo. Kuna watu wazima wa afya ambao mapigo ya juu ya wayo hayapatikani, kwa hiyo linganisha na mguu wa pili. Bonyeza ukucha uone rangi ikirudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mguse vidole, kisha mwambie avichezeshe. Andika ulichokuta, pamoja na saa.

4. Papasa, ukianzia mbali. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilibonyeza moja kwa moja palipouma zaidi. Mgonjwa akajikaza, na kila nilichopima baadaye hakikuwa na maana. Siku hizi naanzia chini kidogo ya goti, upande wa nje, kwa sababu nguvu iliyopindua kifundo huweza kupanda na kuvunja ule mfupa mwembamba huko juu. Asiyepapasa hapo hauoni.

Kisha shuka hadi sehemu nne: ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje, kuanzia sentimita 6 juu yake, vivyo hivyo nundu ya ndani, kitako cha mfupa wa wayo unaoelekea kidole cha mwisho, na mfupa ulio katikati ya wayo, mbele ya nundu ya ndani. Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama iliyovimba mbele yake.

5. Hatua nne. Ikiwa hujaona dalili ya hatari, mwombe atembee hatua 4. Kuchechemea kunahesabika, mradi kila mguu ubebe uzito mara mbili. Akiwa na maumivu kwenye mfupa katika mojawapo ya sehemu zile nne, au akiwa alishindwa kutembea alipoumia na sasa pia anashindwa, apigwe eksirei. Kanuni hii ilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Usiitegemee kwa mlevi, mwenye ganzi miguuni au mwenye jeraha jingine linalomsumbua zaidi.

6. Mwendo. Akunje kifundo mwenyewe kwanza. Halafu alale kifudifudi, miguu ikining'inia, uminye shavu la mguu. Wayo usiposogea, kano ya kisigino imekatika.

Kulegea kwa kano za kifundo sikupimi siku ya kwanza, maana maumivu huficha jibu. Namwita tena siku ya 4 au ya 5.

Ukifunga gango la kuutuliza mguu, rudia hatua ya 3 palepale. Mwambie arudi usiku huohuo iwapo maumivu yanazidi licha ya dawa, vidole vinakufa ganzi, au kuvinyoosha kunamliza.