Jinsi ya kuanza kumsikiliza Georges Brassens hata kama Kifaransa chako ni cha kuombea maji

Wengi wakisikia Brassens ni gwiji wa Ufaransa wanaingia YouTube, wanakuta mzee wa masharubu kaweka mguu juu ya kiti, gita mkononi, ngoma hakuna, kinanda hakuna, pembeni yake jamaa mmoja tu wa besi, wanasikiliza dakika mbili wanasema mbona nyimbo zote ni moja, wanatoka. Nawaelewa kabisa, maana kwa sikio peke yake huyu mtu humpati. Brassens ni malenga kwanza, mwanamuziki baadae, na sisi tuliokua na vina na mizani tunaweza kumwingia vizuri tu tukijua pa kuanzia.

Hatua ya kwanza tafuta maneno ya wimbo, yaweke mbele yako kabla hujabonyeza kusikiliza. Soma ubeti mmoja kwa sauti, hesabu silabi kwa vidole kama tulivyofundishwa shuleni, angalia mwisho wa mistari. Utaona jamaa hachezi na vina hata kidogo. Alafu ana lafudhi ya kusini, ile e ya mwisho wa neno ambayo watu wa Paris wanaimeza yeye mara nyingi anaitamka, kwa hiyo unaweza kumfuata kwa kidole neno kwa neno. Ukiwa na rafiki wa Bujumbura au Goma aliyesoma kwa Kifaransa mwombe akusomee mara moja tu, itakusaidia kuliko kamusi, maana kamusi itakuchosha, kuna misemo ya zamani na majina ya miungu ya Wagiriki humo hadi Wafaransa wenyewe wanatafuta.

Wimbo wa kuanza nao ni Chanson pour l'Auvergnat wa 1954, yani wimbo kwa mtu wa Auvergne, mkoa wa katikati ya Ufaransa. Usianze na ule wa gorila, Le Gorille, japo ndo unaosimuliwa sana kwa sababu ulizuiwa redioni. Ule una matusi kidogo na usipojua kwamba ndani yake anapigana na adhabu ya kifo utaona ni kichekesho tu. Huu wa Auvergnat ni shukrani, mpangilio wake rahisi sana: anamshukuru aliyempa kuni wakati wa baridi, aliyempa mkate wakati wa njaa, na yule mgeni aliyempa tabasamu la huzuni siku askari walipomkamata. Basi. Watu watatu, vitu vidogo vitatu.

Sasa ili wimbo huu ukuingie inabidi ujue nyumba ambayo wimbo umetokea, na hapa usiharakishe. Brassens alizaliwa Sète, mji wa bandari kule Mediterania, tarehe 22 Oktoba 1921, baba fundi mwashi, mama wa asili ya Italia aliyependa sana nyimbo. 1940 akaenda Paris kwa dada wa mama yake. 1943, katikati ya vita ya pili ya dunia, akapelekwa Ujerumani kwa nguvu pamoja na vijana wengine wa Kifaransa, akafanya kazi kiwanda cha injini za ndege cha BMW pale Basdorf karibu na Berlin. Machi 1944 akapewa likizo fupi, akarudi Paris, na hakurudi tena kazini. Kwa hiyo akawa mtu wa kujificha, na waliomficha ni mama mmoja anaitwa Jeanne na mumewe Marcel Planche, kwenye kichochoro cha impasse Florimont. Nyumba haina umeme, haina maji ya bomba ndani, haina gesi, ila paka na bata wamejaa. Alikuja kujificha, vita ikaisha, akabaki. Akapata jina, akapata pesa, akabaki! Alikaa pale mpaka 1966, yani miaka 22. Huyo Jeanne, Brassens alimwimbia wimbo wenye jina lake, na hata bata wake kuna wimbo wake, La Cane de Jeanne. Ukishajua haya rudia Auvergnat tena, utaona unasikia kitu kingine.

Na kumbuka hakutaka kuwa mwimbaji. Machi 1952, akiwa na miaka 30, alienda kwa Patachou, mwanamama mwimbaji aliyekuwa na klabu yake Montmartre, mtaa wa Paris, akitaka kumpa nyimbo zake aziimbe huyo mama. Patachou akachukua kadhaa akamwambia hizi nyingine aziimbe mwenyewe. Wa besi aliyemsindikiza, Pierre Nicolas, ndo huyo huyo utakayemwona kwenye video mpaka miaka ya mwisho.

Hatua inayofuata naipenda kuliko zote: chukua Il n'y a pas d'amour heureux, shairi la Aragon mkomunisti, usikilize, alafu papo hapo weka La Prière, shairi la Francis Jammes mkatoliki. Mahadhi ni yale yale! Katumia moja kwa mashairi mawili na yote yamekaa. Hapo ndo utaelewa mtu huyu alikuwa anapima maneno kama fundi, na kwamba 1967 Académie française, taasisi kuu ya lugha ya Kifaransa, ilipompa tuzo yake kubwa ya ushairi haikukosea.

Ukichoka na huzuni weka Les Copains d'abord wa 1964, unachangamka, ni wa marafiki na mashua yao. Kwa mapenzi nenda La Non-demande en mariage, aliomtungia Joha Heiman, mwanamke wa Estonia waliyependana nae maisha yote bila ndoa na bila kukaa nyumba moja.

Ule wa Supplique pour être enterré à la plage de Sète uache mwisho kabisa, ni mrefu zaidi ya dakika saba, anaomba azikwe ufukweni kwao. Usikilize usiku, kwa hedifoni, maneno mbele yako. Alifariki 29 Oktoba 1981, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 60, wakamrudisha Sète, sio ufukweni, ni makaburi ya Le Py, na Joha baadae akalazwa hapo hapo pamoja nae.